Panga la Inchi Ngapi? Ushauri kwa Mtu wa Miombo

Wazee husema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe huenda ni kweli, maana jembe baya litakuchosha, basi. Panga baya hukuchosha, kisha hukukata. Kwa hiyo ukifika duka la pembejeo Tabora mjini, au gulioni Sikonge, Urambo au Kaliua, chagua. Chagua mpaka mwenye duka agune. Na kitu cha kwanza cha kutazama, kabla ya chapa na rangi ya mpini, ni urefu.

Nimeona mara nyingi mtu akiwekewa mezani mapanga mawili ya bei inayokaribiana, moja la inchi 16 na jingine la inchi 22, naye akabeba la 22 kwa hesabu kwamba amepata chuma kingi kwa pesa ile ile. Hesabu hiyo imewaumiza wengi. Kazi nyingi za huku Unyamwezi, ndani ya miombo, hazitaki panga refu. Aliyenunua refu hulibeba msimu mzima akilaumu bega lake.

Tuanze na kipimo chenyewe. Inchi zinazotajwa dukani kwa kawaida ni za bapa peke yake, toka mpini unapoishia mpaka nchani. Lakini wapo wauzaji wanaopima na mpini ndani yake, hivyo nenda na futi ya fundi cherehani mfukoni. Inchi 12 ni kama sentimita 30, inchi 16 ni 40, inchi 18 ni 45, inchi 22 ni 55 na inchi 24 ni 60 na ushee.

Kisha ujue urefu unafanya nini. Panga likizungushwa, ncha hukimbia kuliko mkono, na kadiri panga linavyorefuka ndivyo ncha inavyozidi mbio. Ndiyo sababu panga refu na jembamba hukata nyasi, mabua ya mahindi na miwa kwa raha. Vitu hivyo ni laini na vinayumba, vinataka kasi. Mti unataka uzito, tena unataka pigo la pili lianguke palepale lilipoanguka la kwanza. Panga refu jembamba likigonga mti mgumu hutetemeka, mtetemo ukaishia kwenye kifundo cha mkono, na pigo linalofuata likaenda kando vidole viwili. Ukikata hivyo tangu asubuhi, saa sita mchana mkono umekufa ganzi, na mkono wenye ganzi haujui makali yanaelekea wapi. Panga fupi kiasi, lenye bapa nene na tumbo zito karibu na ncha, hutulia mahali ulipolituma.

Kipimo cha mwili ni rahisi na kinafanyika palepale dukani. Simama wima, shika panga, acha mkono uning'inie ubavuni bila kuukunja, ncha ikielekea chini. Kati ya ncha na sakafu pabaki shibiri yako moja au zaidi. Pakipungua, panga hilo limekuzidi: ukilishusha kwa nguvu litagonga ardhi, jiwe au mguu wako kabla hujaweza kulizuia. Mtu wa kimo cha wastani hujikuta kwenye inchi 16 mpaka 18. Mfupi aende 14 au 16, wala asione haya.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Katika kaya nyingi panga ni moja. Baba ndiye analinunua kwa kipimo cha mkono wake, kisha anayelitumia kila siku ni mama anayechanja kuni na kusafisha mpaka wa shamba, au kijana anayetumwa kukata fito. Panga la nyumba linunuliwe kwa kipimo cha mtumiaji mwenye kimo kidogo kuliko wote. Nenda na mama watoto dukani, alishike yeye, alipime yeye. Mpini nao uangaliwe kwa kiganja chake: akiukumbatia, ncha za vidole zikaribie kugusa kiganja bila kukibonyeza. Mpini mnene kuliko hapo huponyoka, hasa jasho likitoka.

Sasa kazi zenyewe. Njia ya zamani ya misafara, toka Bagamoyo kupitia Ugogo mpaka Unyanyembe na kuendelea Ujiji, ni shule nzuri ya jambo hili, kwa kuwa mimea yake inabadilika kila baada ya siku chache za mwendo. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, Wanyamwezi walikuwa wameshaizoea njia hiyo miaka mingi, wakishuka pwani na pembe za ndovu na kurudi na nguo na shanga. Kila mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, kichwani au begani, na njia ilikuwa ya mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Reli ya kati iliyofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, inafuata karibu upande uleule, kwa hiyo hata leo dirishani mwa treni unaweza kuona ninachosema.

Ugogo ni nchi ya miiba. Misafara ilipolala huko ilizungushia kambi ua wa matawi ya miiba, na kazi hiyo haijafa, kwa maana wafugaji bado wanajenga maboma kwa matawi ya migunga. Hapa panga refu lina haki yake. Chukua inchi 18 au 20, kwa sababu unataka mkono ukae mbali na tawi. Mkono wa kushoto ushike kijiti chenye panda, uvute tawi nacho na kulisukuma likishakatika. Mtu anayeshika mgunga kwa vidole huku akikata kwa panga fupi atalipia usiku, akitafuta mwiba kwa mwanga wa simu.

Ukivuka Manyoni unaingia upande wa Itigi, na hapo ushauri unageuka kabisa. Ni vichaka vilivyosongamana, mita 3 mpaka 5 kwenda juu, mashina membamba yanayoota kwa mafungu na kufumana. Eneo hilo ni sehemu ya ile nyika ambayo watu wa misafara waliiita Mgunda Mkali, wakaiogopa kwa ukame na njaa yake. Ndani ya kichaka cha namna hiyo huna nafasi ya kuzungusha mkono. Panga la inchi 20 ukilirudisha nyuma linanasa kwenye shina la nyuma yako, ukilivuta linachomoka kwa kishindo na kuja usipotaka. Ingia na inchi 12 au 14, ukate kwa kiwiko na kifundo bila kulitumia bega, shina moja moja, toka chini. Wenye nyengo, lile panga lenye ncha iliyopinda kama mdomo wa kasuku, watafanya vizuri zaidi, maana ncha ile hulivuta shina na kulikata kwa tendo moja.

Halafu miombo, ambayo ndiyo nyumbani. Toka Tura kuja Tabora, kushuka Sikonge na Ipole, kwenda Urambo na Kaliua, msitu ni wa mitundu, miombo, mininga na jamaa zao. Miti imeachana, juu kuna matawi yanayokutana, chini kuna nyasi na machipukizi. Kwa nchi hii, ukiniuliza panga la kwanza la mtu asiye na panga, nitakujibu inchi 16, bapa nene. La 18 ni halali kwa mtu mrefu. Zaidi ya hapo unanunua usumbufu.

Chukua kazi ya fito. Mkulima wa tumbaku ya mvuke anahitaji fito nyingi za kutungia majani ndani ya bani, kila moja unene wa kidole gumba hivi. Fito nzuri hukatwa kwa pigo moja. Mkono wa kushoto unashika chipukizi kwa juu, usawa wa kifua, na kulikunja taratibu kuelekea mbele, mbali na wewe. Nyuzi za mti za upande wako zinavutika, na hapo ndipo makali yanapopaswa kuingia, kwa mshazari, toka juu kwenda chini, karibu na ardhi. Mti uliovutika hukubali chuma upesi. Panga linamalizia mwendo wake mbele na nje ya mguu wako, kwa sababu mguu wa kushoto umeshaurudisha nyuma kabla ya kupiga. Kwa inchi 16 unaona ncha inaishia wapi. Kwa inchi 22 ncha inaishia ardhini, na ardhi ya Tabora ni mchanga unaolamba makali, au mbaya zaidi, jiwe la matale lililojificha chini ya majani, na panga likapata pengo.

Ukishakata fito usiondoke bado. Pigo la mshazari limeacha kisiki chenye ncha kama mkuki, kinachoelekea juu, usawa wa wayo wa mtoto anayechunga mbuzi. Kipige mara ya pili kwa usawa, kiwe bapa, chini kabisa. Hili ni la lazima kwa anayesafisha njia au mpaka wa shamba. Na ukisafisha njia, kumbuka wale wapagazi: aliyebeba mzigo begani au kichwani hawezi kuinama. Matawi yanayomzuia ni yale ya juu ya kichwa chako. Leo anayepita hapo ni mama mwenye ndoo au kijana wa bodaboda mwenye magunia, na hitaji ni lile lile, hivyo safisha kwa upana wa mikono miwili na urefu wa kichwa pamoja na mzigo wake.

Kazi nyingine ya miombo ni nyuki. Mrina asali anahitaji mapanga mawili, na nashangaa wanaojaribu kufanya kwa moja. La chini, inchi 16 au 18, ni la kusafishia kuzunguka shina la mti wenye mzinga ili moto wa kiangazi usiufikie. Safisha upana wa hatua tatu au nne kila upande, na ufanye mwishoni mwa Mei au Juni, nyasi zikiwa zimeanza kukauka lakini zingali na unyevu wa kutosha kutokuwa baruti.

La pili ni la juu, na hili liwe inchi 12, ndani ya ala iliyofungwa kiunoni upande wa mkono unaokatia. Mtazame mtu aliye juu ya mtundu, mita sita au saba toka ardhini. Mkono wa kushoto umekumbatia shina, kamba imepita nyuma ya kiuno, shavu limegusa gome. Tawi linalomzuia kufika kwenye mzinga liko usawa wa kifua, nafasi aliyonayo ni nusu ya mkono. Panga atalitoa kwa mkono mmoja bila kuangalia, atakata kwa mapigo mafupi, atalirudisha kwenye ala kwa mkono uleule. Panga la inchi 18 halitoki kwenye ala katika hali hiyo, na likitoka halirudi. Ataishia kuliachia lianguke, na chini yuko mwenzake ameshika moshi na ndoo.

Na tukiwa kwenye nyuki: usikate kwa kishindo mti wenye mzinga ulio hai. Kila pigo hutembea ndani ya shina mpaka kwenye masega, na nyuki wetu hawachelewi kutoka kuuliza. Matawi yakatwe siku ya kutundika mzinga, kabla kundi halijaingia. Kama umechelewa, subiri jioni, tanguliza moshi, tumia msumeno mdogo.

Chini ya miombo kuna mbuga, yale mabonde ya udongo mweusi yanayojaa maji masika na kupasuka kiangazi. Nyasi zake humzidi mtu kimo. Hapa watu hutoa panga la inchi 24, na kweli linakata, lakini utainama siku nzima na ncha itapiga udongo mgumu. Kwa nyasi nunua fyekeo. Kwa mpunga wa majaruba kuna mundu. Panga refu la mbuga lina faida moja tu, kwamba unaweza kulisogezea nyasi mbele yako kabla ya kuweka mguu, na kwa nyoka hilo ni jambo la maana. Lakini fimbo hufanya kazi hiyo vilevile, na gambuti huifanya vizuri zaidi.

Ukivuka Malagarasi na kufika upande wa Kigoma, kwenye migomba na michikichi, inchi 20 mpaka 22 zinarudi kuwa na maana. Mgomba ni maji matupu, unataka panga refu jembamba. Makuti ya mchikichi yana miiba kwenye shina lake na yako juu, urefu unasaidia kuyafikia na kukaa mbali nayo. Ndugu yako wa Kigoma akikusifia panga lake refu, hakudanganyi. Anaishi kwenye mimea mingine.

Kuna kazi ambazo hakuna urefu wa panga utakaozifaa. Kuni za bani ni kazi ya shoka, kwani chochote kinachozidi unene wa kifundo cha mkono wako kiachie shoka. Mti mkavu nao usiuguse kwa panga. Mbichi hupokea makali, mkavu huyarudisha, na panga linalorudi huja usoni. Mpingo ndio mbaya kuliko yote: ni mti unaozama majini kwa uzito, na pigo moja la hasira linatosha kung'oa kipande cha makali. Tena, katika misitu ya hifadhi huruhusiwi kuukata, mkavu wala mbichi, bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Na miembe, hiyo ambayo Tabora imefunikwa kivuli chake toka enzi za misafara, inastahili heshima. Tawi la mwembe likikatwa kwa panga huchanika na kuondoka na gome la shina, jeraha likaoza na kuingiza wadudu. Tumia msumeno. Anza kwa kukata chini ya tawi robo ya unene wake, kisha umalizie toka juu, mbele kidogo ya ule mkato wa kwanza, upande wa nchani. Tawi likishaanguka, ndipo ukate kipande kilichobaki karibu na shina.

Ukishajua inchi zako, kagua chuma. Zamani zana nyingi zilitoka kiwanda cha UFI pale Ubungo na Zana za Kilimo Mbeya. Siku hizi maduka yana mapanga ya kutoka kila upande wa dunia, na chapa huigwa, kwa hiyo amini macho na masikio yako kuliko nembo. Litazame kwa kulilenga kama bunduki, mgongo uwe umenyooka. Egemeza ncha kwenye ubao, libonyeze kidogo likunjike, uliachie: linaloshindwa kunyooka lenyewe ni bati. Lipige kwa ukucha, lilie. Kagua misumari ya mpini, iwe mitatu, isiyocheza, na chuma cha panga kipite ndani ya mpini mpaka mwisho wake. Panga ambalo msuka wake unaishia katikati ya mpini litakuachia mpini mkononi siku moja, na bapa litakwenda lipendako. Mhunzi anayefua kwa springi za gari anaweza kukupa panga bora kuliko la dukani kwa kazi ya miti, ila mwambie mapema urefu unaotaka. Chuma cha springi ni kinene. Akikufulia inchi 20, umenunua shoka lisilo na adabu. Mwombe 14.

Makali ya dukani si makali. Noa kwa tupa, ukisukuma upande mmoja toka mpini kuelekea nchani, makali yakitazama mbali nawe, na panga limebanwa kwenye gogo. Kwa miti acha makali yawe manene kiasi, kwa nyasi yafanye membamba. Sehemu ya karibu na mpini, upana wa vidole vinne, unaweza kuiacha butu kabisa, kwa sababu haikati kitu na ndipo mkono huteleza. Usipeleke panga kwa fundi mwenye mashine ya kunolea anayebonyeza mpaka chuma kigeuke buluu. Chuma kilichogeuka rangi kimepoteza ugumu wake mahali hapo, na utakinoa kila siku.

Watu wawili wakifyeka pamoja waachane mita 5, wasikae mmoja mbele ya mwingine, na anayetaka kumfikia mwenzake aite kwanza na asubiri panga lishuke. Kamba ya kufungia panga kwenye kifundo cha mkono naikataa: likiponyoka unataka liende zake, lisibaki likining'inia na kuzunguka kwenye mwili wako. Kwenye bodaboda na basi panga likae ndani ya ala au lifungwe gunia na kamba, makali yasiguse mtu hata gari likiruka tuta.

Msimu ukiisha, lioshe utomvu kwa mafuta ya taa, likauke juani, kisha lipake nta. Tabora haikosi nta. Kipande cha ukubwa wa gololi kinatosha bapa zima ukikipasha moto kidogo na kukisugua kwa kitambaa. Paka bapa na msuka unapoingilia kwenye mpini, mahali unyevu wa masika unapojificha na kutu kuanzia. Mpini wenyewe usiupake. Usugue kwa msasa mpaka uwe mkavu, na kama msumari umelegea, ugongee sasa, kabla ya kulitundika.